Pima Moto wa Moyo Wako Ukiwa Nakuru

Kaunti ya Nakuru imezoea kupima joto. Olkaria imekuwa ikigeuza mvuke wa ardhini kuwa umeme tangu 1981, na huku Menengai, nyuma ya jiji, wachimbaji wameteremka zaidi ya kilomita 2 chini ya ardhi kuufuata moto wa volkeno. Muulize mkazi wa Naivasha au wa Bahati habari za mvuke huo, atakueleza vizuri tu. Muulize kuhusu moto ulio ndani ya kifua chake mwenyewe, unaowaka tangu kabla hajazaliwa, naye ataguna.

Mwongozo huu ni wa kumsaidia mkazi huyo. Una hatua saba. Baadhi zinahitaji vifaa ambavyo hutavipata katika duka lolote la Barabara ya Kenyatta, moja inahitaji sungura, na nyingine inahitaji Mfaransa aliyefariki 1827. Zisome zote kwa mpangilio, hata zile usizoweza kuzitenda, kwa sababu hatua ya saba, ambayo utaiweza leo jioni, haitakuingia akilini bila sita zilizoitangulia.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Moyo ni msuli. Wa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi, yaani karibu nusu ya asilimia 1 ya mwili. Hata hivyo, ukiwa umekaa tu kivulini, msuli huo mdogo hutwaa kati ya asilimia 7 na 10 ya oksijeni yote unayoivuta. Ni viungo vichache vya ukubwa huo vyenye ulaji wa namna hiyo, na hakuna chenye sababu nzuri zaidi: moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku na haujui Jumapili wala sikukuu.

Nishati inayoingia moyoni ina milango miwili ya kutokea. Mmoja ni kazi, yaani damu kusukumwa mbele kwa nguvu. Wa pili ni joto. Mlango wa tatu haupo. Kwa mtu mzima aliyepumzika, moyo hutumia wati 8 hadi 10 hivi. Kazi ya kusukuma damu huchukua wati 1 na ushei. Yote yaliyobaki ni joto, nalo hubebwa na damu hiyohiyo na kusambazwa mwilini. Kwa hiyo anayetaka kujua moyo unatumia nini hana budi kulitafuta joto, maana huko ndiko sehemu kubwa ya nishati huishia.

Hatua ya 2: Ondoa mkono kifuani

Najua umeshauweka. Uondoe. Mkono unakuambia hali ya ngozi, na ngozi hufuata jua la mchana na baridi ya usiku inayoshuka kutoka Mau. Kipima joto cha homa nacho hakitakufaa, kwa kuwa kinasoma joto la mwili mzima, ambalo ubongo hulilinda lisipande wala kushuka. Moyo unaweza kuongeza matumizi yake mara mbili wakati unapanda ngazi, na kipima joto cha kwapani kisione kitu, kwa sababu damu imekwisha kulichukua joto lile na kulipeleka kwingine.

Ukisahau yote ya hatua hii, usisahau hili: moyo unaofanya kazi kupita kiasi hauchomi. Mtu anaweza kuishi miaka kumi na moyo unaotumia nishati ya ziada kila dakika asihisi hata vuguvugu. Kungojea dalili hapa ni kungojea matatu ambayo hayapiti njia hiyo.

Hatua ya 3: Tengeneza sanduku la barafu

Hapa ndipo anapohitajika Mfaransa. Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mnyama liliyeyusha barafu, maji yakakingwa na kupimwa. Wakapima pia gesi aliyoitoa kwa kupumua, wakalinganisha na joto la makaa yanayoungua. Hesabu zilikaribiana. Hivyo wakatamka jambo lililotikisa elimu ya viumbe: kupumua ni kuungua, polepole, bila mwali.

Jenga sanduku hilo ukipenda. Kwa moyo, hata hivyo, halitoshi. Barafu huyeyushwa na ini, ubongo, figo na misuli ya miguu, zote kwa pamoja, na haina njia ya kukuambia tone lipi limetoka wapi. Mtunze Laplace lakini. Atarudi katika hatua ya sita akiwa na kazi nyingine.

Hatua ya 4: Tafuta sungura na nyaya mbili

Mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti na kupasha joto kiungo kimoja, umeme mdogo hujitokeza. Waya wa shaba na waya wa konstantani, aloi ya shaba na nikeli, hutoa takriban mikrovolti 40 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mwanafunzi yeyote wa fizikia kule Njoro anaweza kuvisokota viungo hivyo na kuviona vikifanya kazi.

Sasa ona ugumu. Msuli wa chura ukijikaza mara moja, joto lake hupanda kwa nyuzi 0.003 hivi. Kiungo kimoja kitakupa mikrovolti 0.12, kiasi ambacho kelele za umeme wa chumbani hukimeza. Dawa yake ni kupanga viungo vingi mfululizo. Vikiwa 50, unapata mikrovolti 6, na hapo kuna kitu cha kusoma. Rundo hilo la viungo ndilo themopaili. Mwingereza Archibald Vivian Hill alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiliboresha, na Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1922, aliyoigawana na Otto Meyerhof, alipewa kwa uvumbuzi wake kuhusu joto linalozalishwa na msuli.

Chura ana msuli mzuri wa paja, lakini moyo una masharti yake. Ukikata kipande kinene cha ukuta wa moyo, nyuzi za katikati hukosa oksijeni na kufa kabla hujasoma chochote. Ndiyo maana anatakiwa sungura. Ndani ya moyo wake kuna misuli ya papilari, ile inayoshikilia vali kwa kamba nyembamba: ni myembamba, nyuzi zake zimelala upande mmoja, na oksijeni hupenya mpaka ndani. Mwaka 1967 Colin Gibbs, aliyekuja kufanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alichapisha pamoja na wenzake vipimo vya joto la misuli hiyo. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kundi la akina Denis Loiselle na Andrew Taberner liliunda kalorimita ambayo ndani yake uzi wa moyo usiofika unene wa milimita moja hukaa kwenye mrija wa kioo huku kiowevu kikipita. Vipima joto husoma kiowevu kabla ya kumfikia mgeni huyo na baada ya kumpita. Tofauti ikipatikana, joto la uzi huo huhesabiwa kwa sehemu za milioni za wati.

Kazi yote hiyo ya nini? Imewawezesha watafiti kuutenganisha moto wa moyo katika sehemu tatu. Ya kwanza ni joto la pumziko: moyo uliosimamishwa, usiopiga kabisa, bado hutumia nishati nyingi kuliko msuli wa mkono uliotulia. Ya pili ni joto la kuamsha, gharama ya kuihamisha kalsiamu ndani ya seli na kuirudisha ghalani kila pigo. Ya tatu ni joto la mkazo wenyewe, protini za miosini zikishika nyuzi za aktini na kuzivuta. Dawa ikipunguza nguvu ya moyo, au ugonjwa ukiudhoofisha, mtafiti anaweza kuuliza ni sehemu ipi kati ya hizi tatu iliyoguswa. Bila themopaili swali hilo lisingeulizika.

Hatua ya 5: Ukikosa sungura, fuata oksijeni

Kila lita ya oksijeni inayotumiwa mwilini huachilia takriban kilojuli 20 za nishati, iwe umekula ugali au nyama choma, kwa tofauti ndogo tu. Kwa hiyo anayepima oksijeni amepima moto kwa mlango wa nyuma. Njia hii imetumika Kenya kwa mafanikio makubwa, na inafaa wenyeji wa Bonde la Ufa wazijue sifa zao.

Chukua samaki mdogo wa Ziwa Magadi, ambaye aliletwa na kupandwa katika Ziwa Nakuru miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwao Magadi huishi katika maji ya magadi yenye joto linalokaribia nyuzi 40 na hata kulipita. Watafiti waliompima oksijeni walikuta kiwango chake ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa samaki. Kuishi kwenye maji yale ni ghali, na kisamaki kile hulipa gharama bila kulalamika.

Au chukua akina mama wa Kenya. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na C. Richard Taylor wa Harvard na wenzao, walichapisha mwaka 1986 katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaoibeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Waliwavisha barakoa za kukusanya hewa wakiwa wanatembea. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi ya oksijeni hayakuongezeka. Mama anayeteremka na kuni kutoka Subukia amejifunza tangu utotoni ufundi ambao maabara ilihitaji mashine kuuona.

Kwa moyo peke yake, hesabu hiyo inataka ujasiri zaidi. Lazima ujue damu kiasi gani inapita katika mishipa ya moyo, na oksijeni kiasi gani imepungua ilipotoka. Richard Bing na wenzake nchini Marekani walifanya hivyo kwa binadamu, wakipitisha mrija mwembamba hadi kwenye mshipa unaokusanya damu iliyokwisha kuuhudumia moyo, na mwaka 1949 wakachapisha ufanisi wa moyo wa mtu aliye hai. Damu ile ilikuwa nyeusi kuliko damu ya vena nyingine yoyote. Hata ukiwa umepumzika, moyo hukamua karibu robo tatu ya oksijeni inayoletwa kwake. Hauna akiba kubwa ya kukamua zaidi. Ukihitaji oksijeni ya ziada, njia kuu ni moja: damu zaidi ipite. Mishipa yake ikisongwa na mafuta, njia hiyo hufungwa, na hapo ndipo maumivu ya kifua huanza.

Hatua ya 6: Jifunze kinachougharimu moyo

Hatua hii ndiyo kiini cha mwongozo. Mwaka 1915, London, Lovatt Evans na Matsuoka waliuchukua moyo na kuubebesha mizigo ya aina mbili. Kwanza waliufanya usukume damu nyingi zaidi kwa presha ileile. Matumizi ya oksijeni yakaongezeka kidogo tu. Kisha wakaufanya usukume damu ileile dhidi ya presha kubwa zaidi. Matumizi yakapanda sana. Vipimo vilivyofuata, vya joto na vya oksijeni, vimelithibitisha jambo hilo: presha hugharimu moyo kuliko wingi wa damu.

Mwangalie mwenye mkokoteni pale Soko la Wakulima, amejaza magunia ya viazi, akiuzuia usirudi nyuma kwenye mteremko huku gari likipita mbele yake. Mkokoteni hauendi popote. Kwa hesabu ya fizikia, kazi iliyofanyika ni sufuri. Lakini jasho linamtiririka, kwa sababu kushikilia nguvu peke yake ni gharama. Moyo unaokabili presha ya juu huwa katika hali hiyo kila pigo: kabla tone moja la damu halijatoka, lazima ukaze mpaka uishinde presha iliyo upande wa pili wa vali. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka kama joto.

Sasa mrudishe Laplace. Kanuni yake inasema kwamba mkazo katika ukuta wa chombo cha mviringo huongezeka presha ikipanda na chombo kikitanuka, na hupungua ukuta ukiwa mnene. Moyo hauijui hesabu lakini unaitii: ukibanwa na presha kwa miaka, hunenepesha ukuta wake. Mwaka 1982 Norman Alpert na Louis Mulieri, waliofanya kazi Vermont, Marekani, walipima joto la misuli ya mioyo ya sungura iliyokuwa imebanwa na presha, wakakuta misuli imebadilika na kushikilia nguvu kwa joto pungufu. Moyo ulikuwa umejifunza kubana matumizi. Lakini ubanaji huo hununuliwa kwa upole wa mwendo, na mzigo usipotuliwa, siku huja ambapo ukuta mnene hutanuka, mkazo hupanda tena, na moyo huanza kushindwa.

Kutokana na fikra hizi za gharama ya moyo, hata kabla ya sungura wa Vermont, alitokea James Black, daktari kutoka Uskoti. Wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kuuongezea moyo mgonjwa oksijeni. Yeye akauliza: kwa nini tusiupunguzie mahitaji? Katika miaka ya 1960 akatoa propranololi, ambayo huzuia amri ya adrenalini ya kuharakisha moyo. Alipewa Nobeli mwaka 1988. Kama katika familia yenu kuna mzee anayemeza atenololi, dawa ya aina hiyohiyo, kila asubuhi, anafaidi swali hilo la Black. Mwambie asiikatize ghafla bila daktari, maana moyo uliozoea kupunguziwa mzigo hauupokei vyema ukirudishwa kwa siku moja.

Kwa nini nimeandika haya kwa ajili ya Nakuru na si mji mwingine? Kwa sababu Nakuru imepimwa. Utafiti uliofanywa hapa 2007 na 2008, ukaripotiwa na Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake mwaka 2010, uliwafikia watu 4,396 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Nusu yao walikuwa na presha ya juu. Nusu. Ukikaa na wazazi wako wawili mezani, hesabu hiyo inamwelekea mmoja wao.

Hatua ya 7: Pima, leo jioni

Vifaa: mashine ya presha ya mkononi, kiti chenye egemeo, karatasi na kalamu. Mashine si lazima uinunue. Ipo zahanati, ipo katika maduka mengi ya dawa, na tangu Septemba 2023 ipo pia kwenye mikoba ya vifaa waliyopewa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Yule mama wa mtaa wenu anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba mgongoni, mkaribishe.

Nusu saa kabla, usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usitafune miraa wala muguka. Nenda haja kwanza. Keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Funga kitambaa cha mashine juu ya ngozi, si juu ya sweta, hata kukiwa na baridi ya Julai. Usizungumze. Pima mara mbili, ukingoja dakika moja katikati. Kama umeingia kutoka Mombasa jana, ngoja siku kadhaa: Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano, na moyo wa mgeni hukimbia kidogo mpaka uzoee.

Utapata namba tatu: presha ya juu, presha ya chini na mapigo ya moyo. Chukua ile ya juu ya presha, uizidishe kwa mapigo ya moyo kwa dakika. Zao hilo ndilo makadirio ya matumizi ya oksijeni ya moyo wako, na madaktari hulitumia wanapompima mgonjwa akiwa kwenye mazoezi. Mwenye presha ya 120 na mapigo 70 ana 8,400. Mwanariadha wa Baringo mwenye presha hiyohiyo na mapigo 50 ana 6,000. Mwenye presha ya 160 na mapigo 90 ana 14,400, na wote watatu wameketi tu, hakuna aliyeinua hata kikombe. Huyo wa tatu moyo wake unapanda mlima usiku na mchana, na yeye hana habari.

Usilitumie zao hilo kujipa jina la ugonjwa, wala kushindana na jirani. Linakufaa wewe ukijilinganisha na wewe wa mwezi uliopita. Kinachoamua matibabu ni presha yenyewe: ikionekana mara kwa mara kuwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, inahitaji daktari. Na mwenye maumivu yanayobana kifua asipime zao la chochote. Aende hospitali mara moja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Presha ina ubaya zaidi, kwa kuwa hujificha hata kwa mwenyewe. Watu wamekesha maabara kwa zaidi ya karne mbili, wakisoma mikrovolti na matone ya barafu, ili tujue kwamba moyo una gharama usiyoweza kuihisi lakini unayoweza kuihesabu kwa kuzidisha namba mbili. Pima za baba, pima za mama, pima zako. Andika tarehe kando ya kila namba, karatasi hiyo uende nayo kliniki, na ukiandikiwa dawa, zimeze kila siku, hata siku ambazo unajisikia mzima kabisa.